Asilimia ya Nini? Historia ya Hesabu za Kliniki za Uzazi



Mwezi uliopita wifi yangu alinitumia picha ya tangazo kwenye simu. Kliniki moja ya bara, mtoto amelala kwenye shuka jeupe, na chini yake maandishi makubwa: mafanikio asilimia 65. Alinitumia kwa mapenzi, maana anajua mimi na mume wangu tunaingia mwaka wa nane wa ndoa bila mtoto. Nilipiga hesabu palepale kwenye meza ya kukatia. Bangili zangu sita za dhahabu, cherehani moja ya dukani na akiba ya mume wangu vinatosha kwenda kupandikiza mara moja. Mara moja tu.

Nikapiga simu. Nikamuuliza dada aliyepokea, "Hiyo asilimia 65 ni ya nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Ya mafanikio, dada." Nikamwambia sawa, na mafanikio yenyewe ndiyo nini? Akasema daktari atanipigia.

Nikisubiri simu hiyo nilianza kusoma. Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya sekondari na kozi ya ushonaji, lakini fundi yeyote anajua kwamba kabla hujakubali bei unauliza kipimo. Nikagundua kwamba swali langu lina historia yake, na wapo wanawake wengi kabla yangu waliolipia kwa sababu halikuulizwa. Leo nataka tuipitie historia hiyo pamoja.

Oldham, 1978

Tuanzie Uingereza, katika mji wa Oldham karibu na Manchester. Tarehe 25 Julai 1978, saa sita kasoro usiku, alizaliwa kwa upasuaji mtoto wa kike mwenye kilo 2.6. Jina lake Louise Brown. Ni mtu wa kwanza duniani kuzaliwa baada ya yai la mama kukutanishwa na mbegu ya baba nje ya mwili, kwenye chombo cha maabara. Magazeti yakamwita mtoto wa chupa. Mama yake, Lesley Brown, mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba, na yeye na mumewe John walikuwa wamehangaika miaka tisa.

Waliofanya kazi ile walikuwa watatu. Robert Edwards alikuwa mwanasayansi wa Cambridge, aliyekuja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2010. Patrick Steptoe alikuwa daktari wa wanawake pale Oldham, hodari wa kuingiza darubini nyembamba kupitia tundu dogo la tumbo. Wa tatu ni Jean Purdy, muuguzi aliyegeuka kuwa mtu wa maabara, na ndiye aliyekuwa akiandika na kutunza kumbukumbu nyingi. Purdy alifariki mwaka 1985 akiwa bado kijana, na kibao cha ukumbusho kilichowekwa hospitali hakikuwa na jina lake, ingawa Edwards aliandika barua kulalamika. Mwaka 2015 ndipo kiliwekwa kibao chenye majina yote matatu. Nimemtaja kwa makusudi, kwa sababu bila madaftari tusingejua ninachotaka kuwaambia sasa.

Miaka mingi baadaye watafiti wawili, Kay Elder na Martin Johnson, waliyafungua madaftari ya Oldham wakahesabu kila kitu kuanzia 1969 mpaka 1978. Wanawake waliojitolea walikuwa 282. Walilazwa na kufanyiwa upasuaji mdogo wa kutoa mayai mara 457. Kati ya mara hizo zote, kiinitete (yaani yai lililokwisha kurutubishwa na kuanza kugawanyika) kilifika hatua ya kurudishwa tumboni mara 112. Mimba zilizoshika zilikuwa tano. Watoto waliozaliwa hai walikuwa wawili: Louise, na mtoto wa kiume aliyezaliwa Scotland Januari 1979.

Hebu tuchukue kikokotoo. Ukigawa mimba 5 kwa mara 112 za kurudisha kiinitete, unapata karibu asilimia 4.5. Ukigawa watoto 2 kwa mara hizo hizo 112, unapata kama asilimia 1.8. Ukigawa watoto 2 kwa wanawake 282, inashuka mpaka 0.7. Na ukigawa watoto 2 kwa mara 457 ambazo mwanamke alilala kwenye kitanda cha upasuaji, unabaki na 0.4.

Kazi ile ile, daftari lile lile, majibu manne, na yote manne ni ya kweli. La kwanza ni mara kumi ya la mwisho. Sasa fikiria wewe ni mwenye kliniki unatengeneza tangazo. Utachagua lipi?

Lesley mwenyewe alikuja kusimulia, katika kitabu alichotoa na mumewe mwaka 1979, kwamba hakukumbuka kuambiwa kama njia ile imewahi kufanikiwa kwa mtu mwingine, na wala hakuuliza. Kichwani mwake alidhani watoto wa namna ile wamekwisha kuzaliwa kwa mamia. Simlaumu hata kidogo. Mtu aliyesubiri miaka tisa anamwangalia daktari usoni, haangalii hesabu.

Marekani: kila mtu na futi yake

Marekani walipata mtoto wao wa kwanza wa IVF tarehe 28 Desemba 1981 huko Norfolk, Virginia, kwa kazi ya Howard Jones na mkewe Georgeanna, wote madaktari. Jina la mtoto ni Elizabeth Carr. Baada ya hapo kliniki zikachipuka kama uyoga, kila mji, na hapakuwa na sheria ya kusema mafanikio yahesabiwe vipi.

Ilikuwa kama mtaa wa mafundi ambao kila mmoja ana futi yake. Kliniki moja iliita mafanikio pale kipimo cha damu kinapoonyesha dalili ya mimba, hata kama mimba hiyo itatoka baada ya siku chache. Nyingine ilihesabu kuanzia kiinitete kinaporudishwa tumboni, ikiwaacha nje wanawake wote waliochomwa sindano wasipate mayai ya kutosha, na wale ambao mayai yao hayakurutubika. Nyingine ilitaja wastani wa kliniki kubwa za nchi kana kwamba ni wa kwake. Zilikuwepo hata zilizojitangaza zikiwa hazijawahi kumpeleka nyumbani mama mmoja na mtoto wake.

Ingekuwa ni sisi mafundi tungesema hivi: mteja ananiuliza, katika vitambaa vinavyoletwa dukani kwako, vingapi vinatoka vikiwa gauni la kuvalika? Mimi ninamjibu kwa kuhesabu magauni yaliyofika hatua ya kutiwa vifungo tu. Kitambaa kilichochuja rangi, kilichokatwa vibaya, kilichoungua kwa pasi, vyote sivisemi. Sijadanganya, ila mteja hakupata jibu la alichouliza.

Malalamiko yalipozidi, mbunge mmoja wa jimbo la Oregon, Ron Wyden, akalipeleka jambo hili bungeni mwishoni mwa miaka ya 1980. Kliniki zikaulizwa takwimu zao, wagonjwa wakatoa ushahidi, na tume ya serikali inayolinda wanunuzi ikazichukulia hatua baadhi ya kliniki kwa matangazo ya kupotosha. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria inayozitaka kliniki za uzazi kupeleka hesabu zao kwa kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC. Ripoti ya kwanza ya kliniki moja moja ilitoka mwaka 1997, ikieleza matibabu ya mwaka 1995.

Sheria ile haina meno makali. Kliniki isiyopeleka hesabu haifungwi kwa hilo, jina lake linaorodheshwa tu kwamba haikupeleka. Lakini aibu nayo ina kazi yake. Tangu hapo mwanamke wa Marekani anaweza kukaa kwake akaangalia kliniki ya mtaani kwake, umri kwa umri, ni wangapi walianza na wangapi walijifungua.

Uingereza: hesabu nazo zina madhara

Waingereza walipita njia nyingine. Serikali iliunda kamati chini ya mwanamke mmoja mwanafalsafa, Mary Warnock, iliyotoa ripoti mwaka 1984. Ikafuata sheria mwaka 1990, na mwaka 1991 ikaanza kazi mamlaka ya kusimamia kliniki zote, HFEA. Mwaka 1995 wakatoa mwongozo wa kwanza wa wagonjwa wenye hesabu za kila kliniki. Magazeti hayakuchelewa, yakazipanga kliniki kama timu za mpira, ya kwanza mpaka ya mwisho.

Hapo lilijitokeza jambo ambalo ni funzo kwetu. Kliniki ikijua inapimwa kwa asilimia, ina njia mbili za kuipandisha bila kuwa bora zaidi. Ya kwanza ni kuwakwepa wagonjwa wagumu: aliyevuka miaka 40, aliyejaribu mara tatu akashindwa. Ya pili ni kurudisha viinitete viwili au vitatu kwa pamoja ili angalau kimoja kishike.

Hiyo ya pili ilileta mapacha wengi. Najua, wengi wetu tunasikia mapacha tunafurahi, na mimi ningefurahi. Lakini mapacha na watoto watatu ni hatari kwa mama na kwao wenyewe: kuzaliwa kabla ya wakati, uzito mdogo, presha ya mimba. Katika miaka ya 1990 uzazi wa zaidi ya mtoto mmoja ulifika asilimia 28 ya uzazi wa IVF Uingereza. Kwa kuzisukuma kliniki zirudishe kiinitete kimoja kimoja, umeshuka mpaka asilimia 6 mwaka 2019.

Walibadilisha na kipimo chenyewe. Sasa HFEA hutangaza watoto wanaozaliwa kwa kila kiinitete kilichorudishwa. Kliniki iliyorudisha viwili akazaliwa mtoto mmoja, inaandikiwa kimoja kati ya viwili. Kwa kipimo hicho, mwaka 2019 wanawake wa chini ya miaka 35 waliotumia mayai yao walipata asilimia 32. Waliovuka miaka 43 walikuwa chini ya asilimia 5. Zirudieni namba hizo mbili. Kliniki inayochanganya umri wote kwenye asilimia moja inawapa wote wawili namba isiyo ya yeyote.

Kuna jambo jingine la kihistoria lililovuruga hesabu, nalo ni barafu. Mwaka 1984, Melbourne, Australia, alizaliwa Zoe Leyland, mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa. Tangu hapo mayai yakitolewa mara moja yanaweza kuleta viinitete kadhaa, kimoja kirudishwe leo na vingine vibaki kwenye baridi kwa ajili ya baadaye. Kwa hiyo kliniki nyingine inahesabu nafasi ya kupata mtoto kwa jumla ya viinitete vyote vilivyotokana na utoaji mmoja. Ni hesabu halali na yenye faida kwa anayepanga bajeti, mradi tu uelewe kwamba kila kurudisha kuna gharama zake na nauli yake.

Dini ilisema mapema

Wapo wanaodhani Uislamu ulichelewa kulitazama jambo hili. Louise Brown hajafikisha miaka miwili, Machi 1980, fatwa ilitolewa Misri na Sheikh Jad al-Haq wa Al-Azhar: inafaa, yai likiwa la mke na mbegu ikiwa ya mume, ndani ya ndoa iliyo hai, bila mtu wa tatu. Mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Amman, Jordan, likatoa uamuzi wa mwelekeo huo huo, pamoja na tahadhari zake. Na mwaka huo huo wa 1986 kliniki ya IVF ikafunguliwa Maadi, Cairo.

Sharti hilo la mtu wa tatu lina uhusiano mkubwa na asilimia, na sikuwahi kulifikiria mpaka niliposoma. Kinachozeeka zaidi ni yai, mfuko wa uzazi hauzeeki kwa kasi hiyo. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 44 akipewa yai la msichana wa miaka 25, nafasi yake inapanda sana. Ripoti za Marekani zinayatenga matibabu ya mayai ya watu wengine kwenye safu yake peke yake. Kliniki isiyotenga inakupa wewe Muislamu asilimia ambayo sehemu yake imejengwa na njia usiyoweza kuipita. Unaona namba nzuri, lakini mlango wake kwako umefungwa.

India na kwetu

Wengi kutoka visiwani tunakwenda India kutibiwa, kwa hiyo mjue na hili. Siku 70 tu baada ya Louise, tarehe 3 Oktoba 1978, mtoto wa kike alizaliwa Kolkata kwa kazi ya daktari Subhash Mukherjee, aliyefanya kazi kwa vifaa duni. Kamati ya serikali ya jimbo haikumwamini. Alifariki mwaka 1981 akiwa amevunjika moyo. Kwa miaka mingi sifa ya mtoto wa kwanza wa India ilikuwa ya T. C. Anand Kumar na wenzake, kwa mtoto aliyezaliwa Mumbai mwaka 1986. Lakini mwaka 1997 Anand Kumar huyo huyo, baada ya kuyasoma maandishi ya Mukherjee, alisimama akasema sifa ile si yangu, ni ya marehemu. Allah amlipe kila mwenye kusema kweli inayompunguzia yeye mwenyewe.

Afrika Mashariki, Kampala walipata watoto wa IVF mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006. Leo huduma imesogea zaidi na imekuwa rahisi kuifikia kuliko wakati wa mama zetu. Lakini kwetu hakuna daftari la wazi la kliniki moja moja kama lile la Marekani au la Uingereza. Daftari letu ni mdomo wetu. Tusipouliza, hakuna wa kutuulizia.

Maswali ya kubeba

Kutokana na historia hii nimejiandikia maswali sita kwenye karatasi, nayo ndiyo haya.

1. Mafanikio ni nini: kipimo cha damu, moyo wa mtoto kuonekana kwenye utrasaundi, au mtoto aliyezaliwa hai?
2. Mmegawa kwa nini: wote walioanza sindano, waliotolewa mayai, au waliorudishiwa kiinitete tu?
3. Kwa wanawake wa umri wangu ni ngapi?
4. Je, hesabu ina mayai ya watu wengine ndani yake?
5. Mnarudisha viinitete vingapi kwa kawaida, na mapacha wangapi?
6. Ni mwaka gani na wanawake wangapi? Maana watatu kati ya watano ni asilimia 60, na 300 kati ya 500 pia ni asilimia 60, lakini si uzito mmoja.

Daktari alinipigia siku ya nne, mtu mstaarabu kwa kweli. Nikamsomea karatasi yangu. Ile asilimia 65 ilikuwa ya vipimo vya damu, kwa waliorudishiwa kiinitete, wa chini ya miaka 35, na mayai ya watu wengine yamo. Mimi nina miaka 38. Nilipomuuliza walioanza wa umri wangu wangapi walijifungua, alisema hesabu hiyo hawajaitenga, akaahidi kuitenga.

Nikapiga kliniki ya pili. Huko walinitajia namba ndogo, haifiki nusu ya ile ya tangazo. Lakini walinitajia na walioanza ni wangapi, wangapi hawakufika mwisho, na wangapi walibeba watoto. Nilipokata simu nililia, siwafichi. Kisha nikaona kwamba kwa mara ya kwanza kwa miaka minane nina namba ambayo ninajua imetoka wapi.

Usiku ule mimi na mume wangu tulikaa baada ya Isha tukaandika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza: tukipata. Ukurasa wa pili: tukikosa, tutaishije, duka litasimamaje bila cherehani ile, na tutamwambia nini mama mkwe. Ukurasa wa pili ulikuwa mgumu, lakini tuliumaliza, na tulipoumaliza alinishika mkono akasema, "Basi tunaweza kwenda, maana sasa tunajua tunakwenda wapi." Bangili bado ziko kabatini. Tumejipa mpaka baada ya Ramadhani kuamua.

Katika Surat Ash-Shura Mola wetu ametueleza kwamba watoto ni zawadi yake: wako anaowapa wa kike, wako anaowapa wa kiume, wako anaowachanganyia, na wako anaowajaalia wasizae. Hakuna kliniki yenye asilimia juu ya hilo. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza kisha ategemee. Kuuliza hesabu ni kamba ya ngamia. Na Nabii Zakariya (a.s.) aliomba akiwa mzee na mkewe tasa, hakuona aibu kuomba. Nasi tusione aibu kuomba, wala kuuliza.

Dada yangu unayesoma hapa umejifungia chumbani na tangazo kama langu kwenye simu, usiuze kitu leo. Piga simu kwanza, uliza asilimia ya nini.

Tuombeane dua. Wabillahi tawfiq.